Mguso wa Pili

Somo la wiki kwa shirika za nyumbani
Andiko la msingi: Marko 8:22-26. Soma pia 1 Wafalme 19:1-8.



Wiki hii naomba tukae na swali moja ambalo kijana wetu mmoja aliniuliza baada ya maombi ya Ijumaa, watu wakiwa wameshatoka na mimi natafuta kufuli ya mlango. Alibaki nyuma, amesimama karibu na spika. Akasema, "Pasta, nimeacha bangi miezi minne sasa. Chang'aa sijaonja. Lakini kichwa bado haijarudi. Nikisoma Biblia, mstari mmoja naurudia mara nne, nikifika mwisho sijui mwanzo ulisema nini. Ama sikuokoka vizuri?"

Sisi watumishi huwa na jibu tayari mdomoni. Siku hiyo nilinyamaza, kwa sababu kijana huyu nilikuwa nimeshamuumiza mara moja kwa haraka yangu. Nitafika hapo. Amenipa ruhusa niandike, mradi nisimtaje, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha asijulikane.

Tuanze Bethsaida. Kipofu analetwa kwa Yesu, na waliomleta wanaomba amguse tu. Yesu anamwongoza kwa mkono mpaka nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona chochote. Kwingine Yesu anasema neno na mtu anapona. Hapa anauliza kazi imefika wapi. Na yule mtu anajibu ukweli. Anaona watu, ndiyo, lakini wanafanana na miti inayotembea. Angeweza kupaza sauti kwamba anaona, ili asimwaibishe mtumishi. Wengi wetu tungefanya hivyo, hasa kama watu wamesimama hapo na simu zao wanarekodi. Yeye alisema haoni vizuri, na Yesu hakumkemea wala hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo macho yakakaa sawa.

Kijana wetu alikuwa katikati ya miguso hiyo miwili. Giza limeondoka, lakini watu bado ni miti. Hicho kipindi cha katikati hatukihubiri sana kanisani. Tunahubiri siku ya kuacha. Mwaka unaofuata siku ya kuacha tunamwachia mtu mwenyewe na mama yake.

Mimi hicho kipindi nakijua. Wengi wenu mlinifahamu niliporudi hapa Kapsokwony na digrii ya biashara na koti la kuazima. Wachache wanajua kwamba digrii ya miaka minne niliichukua kwa sita. Mwaka wa pili nilianza kuvuta bangi na wenzangu hosteli. Mwaka wa tatu nilikuwa navuta kabla ya kupiga mswaki. Karatasi moja ya uhasibu niliifanya mara tatu. Nilipoacha nilidhani wiki inayofuata nitaamka nikiwa yule mimi wa Form Four, aliyekuwa anakumbuka namba za simu za watu kumi bila kuandika. Wapi! Wiki mbili za kwanza sikulala vizuri, na nilipolala niliota ndoto kali mpaka naamka shuka imelowa jasho. Hasira ilikuwa karibu kama kiberiti. Halafu ikaja hali nyingine ambayo sikuwa na jina lake: hakuna kitu kilichokuwa na ladha. Chapati, mpira, hata sifa kanisani, yote yalikuwa kama maji ya moto ambayo mtu ameyaita chai. Siku moja nilitumwa dukani kununua unga na sabuni, nikasimama mbele ya mwenye duka nimesahau vyote viwili. Nilirudi nyumbani nikalia. Niliamini nimejiharibu kabisa, na kama nimeharibika tayari, basi kuna haja gani ya kuacha? Wazo hilo ndilo linalowarudisha wengi kwa bangi kuliko hata kiu yenyewe.

Kwa hivyo ngoja nieleze kinachoendelea kichwani, kadiri nilivyojifunza kwa kusoma na kwa kuuliza wahudumu wa afya.

Ubongo una kemikali inayoitwa dopamini. Kazi yake mojawapo ni kutuambia: jambo hili ni zuri, lirudie. Chakula kitamu huitoa kidogo, habari njema huitoa, mtoto akicheka mikononi mwako huitoa. Dawa za kulevya huifungulia kama bomba lililopasuka. Ubongo ukiona mafuriko kila siku, unapunguza milango ya kuyapokea. Siku unayoacha, mafuriko yamekwisha lakini milango bado ni michache, na ndiyo maana mambo ya kawaida hayana ladha. Bangi ina milango yake pia, na mingi iko katika ile sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya. Mtu anayerudia mstari mara nne si lazima awe ana pepo la usahaulifu. Milango haijafunguka yote.

Na milango hurudi. Hili limepimwa. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Harrison Pope walichapisha utafiti juu ya watu waliovuta bangi kwa wingi kwa miaka mingi. Waliacha, wakapimwa siku za kwanza, siku ya 7 na siku ya 28. Wiki ya kwanza walikuwa nyuma katika kukumbuka orodha ya maneno. Siku ya 28 vipimo vile havikuonyesha tena tofauti kubwa kati yao na watu wasiovuta. Mwaka huohuo Nora Volkow na wenzake walitoa picha za ubongo za watu waliokuwa wakitumia methamfetamini, dawa kali kuliko bangi. Baada ya miezi 12 hadi 17 bila dawa, sehemu ya mfumo wa dopamini iliyokuwa imepungua ilikuwa imerudi kwa kiasi kikubwa. Lakini kumbukumbu na wepesi wa mwili havikuwa vimepanda kwa kiwango hichohicho. Ubongo ulitangulia, mtu akafuata nyuma.

Kuna kupona kwa mwezi, basi, na kuna kupona kwa mwaka na zaidi. Inategemea mtu alitumia nini, kiasi gani, alichanganya na nini, na alianza akiwa na umri gani, maana ubongo huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Kijana wetu alianza bangi Form Two. Akaongeza miraa ya kukesha akiwa kwa boda, na chang'aa ya wikendi. Siku 28 za watu wa utafiti si siku zake. Nilimwambia kwa lugha niliyosomea: hasara ya miaka minane huwezi kuifuta kwenye vitabu kwa sadaka ya Jumapili moja. Akacheka. Lilikuwa jambo la kwanza kumchekesha mwezi huo.

Hapa lazima nisimame niseme mambo mawili yanayohusu uhai, na shirika zote ziyasikie.

La kwanza ni pombe. Mtu aliyekunywa chang'aa au pombe kali kila siku kwa muda mrefu asifungiwe kwenye chumba cha maombi ili aache ghafla. Mwili uliozoea pombe, ikikatwa mara moja, unaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa, na hatari hiyo huja ndani ya siku chache za kwanza. Mpelekeni hospitali kwanza, aachishwe akiwa anaangaliwa. Tutaombea huko huko wodini; Mungu anasikia hata kwenye harufu ya dawa. Pia pombe nyingi na chakula kidogo humaliza vitamini B1 mwilini, na ukosefu huo unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja kama hautatibiwa mapema. Daktari ana sindano ya hiyo. Mimi sina.

La pili ni sauti. Kama mtu ameacha bangi na bado anasikia watu wakimsema ambao hawapo, au anaamini jirani amemwekea sumu, au halali siku tatu na anaongea bila kituo, huo si usahaulifu wa kawaida tena. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1987, uliowafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini, ulikuta kwamba waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa wa skizofrenia mara 6 zaidi ya wasiovuta. Wengi wanaovuta hawaupati. Lakini akiupata wa kwako, hesabu hiyo haikufariji. Anzeni na hospitali ya serikali hapa Kapsokwony, watawaelekeza Bungoma au Kitale, na kesi ngumu huenda Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret, ambako kuna idara ya afya ya akili. NACADA nao wana namba ya bure, 1192. Na akipewa dawa, asiache kwa sababu ameombewa. Anayetoa dawa ndiye atakayepunguza. Mchungaji akikuambia utupe vidonge kama ushuhuda wa imani, mwambie mimi nimekataa, na kama mchungaji huyo ni mimi, mwambie mzee wa kanisa.

Sasa nitaje kosa langu.

Kijana huyu alipookoka, tulifurahi. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulihesabu Wakenya zaidi ya laki tano wa miaka 15 hadi 65 wanaotumia bangi, na kila kanisa linatamani kuonyesha hata mmoja aliyetoka. Wiki tatu baadaye nilimpa maikrofoni kwenye mkutano wa vijana. Alisimulia, watu wakapiga kelele za shangwe, na mimi nikajisikia mtumishi hodari. Mwezi wa pili nikamfanya mtunza hazina wa vijana, ili "tumwonyeshe tunamwamini." Mimi mwenye digrii ya biashara, ninayejua kwamba pesa huhesabiwa na watu wawili, nilimpa mfuko peke yake, mtu ambaye hata kofia ya pikipiki alikuwa anaisahau kwa wateja.

Jumapili moja zikakosekana shilingi 1,350. Hakuna aliyemshtaki waziwazi. Watu walinyamaza tu kwa namna fulani, na mmoja akauliza bei ya bangi siku hizi ni ngapi. Yeye mwenyewe hakuweza kueleza pesa ziko wapi, alikuwa anasema hivi na dakika tano baadaye anasema vingine, kama mwongo. Alipotea siku nane. Mama yake alimpata Kimilili kwa rafiki wa zamani. Hakuwa amevuta. Alikuwa ameketi nje ya nyumba ambayo ndani yake watu walikuwa wanavuta, na hajui ni nini kilimzuia kuingia. Pesa zilipatikana baadaye ndani ya koti lake la mvua, kwenye bahasha, na juu ameandika kwa mkono wake: vijana. Alikuwa ameziweka asizipoteze.

Nilienda kwao kuomba msamaha. Mama yake alinikaribisha chai, akaniambia kwa upole, "Pasta, mlimwombea vizuri. Lakini mlimtembeza kabla hajasimama."

Rudini kwenye mstari wa 26. Yesu akimaliza, anamrudisha yule mtu nyumbani kwake na kumwambia asiingie kijijini. Nimesoma sura hiyo miaka mingi nikiupita mstari huo. Hata yule wa Wagerasi kwenye Marko 5, aliyepona mara moja akakutwa ameketi, amevaa, akili zake timamu, aliomba kwenda na Yesu akaambiwa arudi kwao, akawaambie watu wake. Nyumbani kwanza. Nyumbani hakuna anayekupigia makofi kwa kukumbuka kufunga mbuzi, na akili inayorudi inahitaji mahali kama hapo pa kukosea bila kutangazwa.

Kuna jambo lingine ambalo hapa mlimani lazima tulitaje. Kati ya mwaka 2006 na 2008 tuliona mambo. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na kuna usiku ambao mpaka leo sijausimulia kwenye madhabahu. Wako wanaume wa rika langu na wakubwa wangu ambao hawakuanza bangi wala pombe kwa raha. Walianza ili walale. Ukimwondolea mtu wa namna hiyo bangi yake, unaondoa blanketi, na kilichofunikwa kinaamka. Ndipo familia inasema, "Afadhali alipokuwa anavuta, alikuwa mtulivu." Huyo anahitaji kuongea na mtu aliyefunzwa kusikiliza, mshauri nasaha au daktari wa akili, polepole, kwa muda. Kumwambia asahau ya kale si ushauri. Angeweza kusahau, asingevuta.

Basi tumfanyie nini aliye katikati? Twende kwa Eliya. Amekimbia, amechoka, amelala chini ya mti akiomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate na maji, Eliya anakula na kulala tena. Malaika anamgusa mara ya pili, anampa chakula tena kwa sababu safari ni ndefu. Hapa pia miguso ni miwili, na katikati yake kuna usingizi.

Kwa hivyo kijana wetu nilimkataza kesha kwa miezi mitatu. Najua nitaulizwa kwenye kamati, na nitajibu. Ubongo hupanga kumbukumbu za mchana wakati mtu amelala, na mtu aliyekesha kwa miraa miaka mitano ana deni kubwa la usingizi. Analala saa tatu na nusu, simu inabaki kwa mama. Kabla ya kulala hanywi chai ya majani. Asubuhi anatembea mpaka shambani kwa mjomba wake, karibu dakika arobaini kupanda, badala ya kupanda pikipiki. Nilimchagulia hivyo kwa sababu utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2011 uliwatembeza wazee dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, na ile sehemu ya kumbukumbu kichwani ikaongezeka kwa asilimia 2 wakati kwa kawaida umri huo inapungua. Kama inawezekana kwa mzee wa Marekani kwenye tambarare, sembuse kijana wa Elgon.

Kusoma tulianza na mistari sita kwa siku, siyo sura. Anasoma kwa sauti, anafunga Biblia, anamsimulia dada yake mdogo kwa maneno yake. Akikosea, dada anamwambia, na anafurahi sana kumwambia. Mambo ya kufanya anaandika kwenye kidaftari cha shilingi ishirini, na tumekubaliana kwamba kuandika si ukosefu wa akili. Mimi mwenyewe huandika. Kazi ya mkono anafanya, hesabu ya pesa za watu hafanyi bado, na safari hii hata akianza, watakuwa wawili.

Sikumwahidi kwamba yote yatarudi. Wako wanaorudi kabisa, wako wanaobaki na pengo fulani, hasa walioanza wadogo, na wako watakaomeza dawa kwa miaka mingi, wakaoa, wakalima na kuimba kwaya wakiwa kwenye dawa. Mimi namba za simu sikumbuki tena kama zamani. Lakini karatasi ya uhasibu niliipita, na ladha ya chapati ilirudi siku moja bila kunipigia hodi, karibu mwezi wa saba.

Kila ushirika wiki hii ujadili hili kwa uaminifu: katika watu walioacha pombe au bangi katikati yetu, ni nani tulimpa maikrofoni na hatujawahi kumuuliza, kama Yesu alivyouliza, sasa anaona nini? Mkimkumbuka, mwendeeni nyumbani, mmuulize, na akisema anaona miti, msianze kubishana naye.

Jumatano iliyopita ushirika wa upande wetu ulikutana kwa mama yake. Yeye ndiye aliyesoma andiko. Kwenye mstari wa 24 alipotea, akaweka kidole kwenye ukurasa, akarudi juu, akaanza tena. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye alikuwa anajua pale pa kuendelea lakini akamngoja. Akamaliza mpaka wa 26. Tulipokuwa tunatoka, akauliza kama wiki ijayo ni zamu yake kuleta sukari, akatoa kalamu, na kwa kuwa kidaftari alikuwa amekisahau ndani, akaandika kwenye kiganja cha mkono.